Barua ya wazi kwa mabosi wa magari yanayojiendesha: kazi mmeichukua, lawama mmetuachia

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Mkuu wa Usalama,
Kampuni ya magari yanayojiendesha (nyie mnajijua na mimi mnanijua),
Phoenix, Arizona, Marekani.

YAH: MTU ANAYEKAA NYUMA YA USUKANI WA GARI LINALOJIENDESHA NI DEREVA AU NI BAMPA?

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili makusudi kabisa. Kwa Kiingereza nimeshawaandikia mara tatu, ya kwanza kwa supavaiza, ya pili kwa watu wa HR, ya tatu kwenye ile fomu ya kutoa maoni bila kutaja jina, ambayo siku mbili baadae supavaiza akaniuliza mbona nimeandika vile (bila jina yao hiyo). Nimejibiwa "asante kwa maoni yako" mara mbili, mara ya tatu kimya. Sasa nimeona niandike kwa lugha ninayowazia. Gari lenu linasoma kibao cha kusimama hata kikiwa kimefunikwa nusu na tawi la mti, basi na nyie hamtashindwa kutafuta mtu wa kuwasomea hii. Halafu kwenye ile yadi yenu Waswahili tuko wengi kuliko mnavyodhani, kuna Wakongo, Warundi, Wakenya, mimi Mbongo, wote tunapokezana siti ileile usiku, kwahiyo barua ni yenu ila na wao waisome.

Mimi nimeshika usukani miaka 22. Nilianzia Dar, ruti ya Gongo la Mboto, kama deiwaka, yaani yule dereva wa kushikizwa, mwenye gari lake la kila siku akichoka au akitaka kula ndo anakuachia tripu mbili tatu. Asiyewahi kuwa deiwaka hajui ile kazi ilivyo: gari sio lako, hesabu ya siku sio yako, lakini likirudi na mkwaruzo, hata kama mkwaruzo ulikuwepo tangu asubuhi, ni wa deiwaka. Baadae nikapanda malori, Dar mpaka Tunduma, Dar mpaka Lubumbashi, ndo nikaja huku nikaendesha teksi ya airport miaka sita kabla hamjaniajiri. Sikuwaza kwamba nitavuka bahari yote ile nije kuwa deiwaka tena, safari hii deiwaka wa kompyuta.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, iko hivi. Gari lina kamera, rada na laida, kile kidude cha juu kinachopima umbali kwa mwanga, na linajiendesha lenyewe, linakata kona, linasimama taa nyekundu, yote. Mimi nakaa siti ya dereva. Mikono haishiki usukani ila haitakiwi kuwa mbali nao, na mguu wa kulia unaning'inia juu ya breki bila kuikanyaga. Jaribu leo nyumbani kwenye kiti cha kulia chakula, ning'iniza mguu hivyo dakika ishirini tu uone kifundo kinavyowaka. Kazi yangu ni kusubiri gari likosee, na likikosea niwe nimeshaliwahi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmemtoa utingo.

Nilipoanza tulikuwa wawili. Mmoja macho barabarani, mwingine pembeni na laptopu anaangalia gari linaona nini na anaandika kila kituko. Huyo ndo anakwambia "hiyo baiskeli gari halijaisoma" kabla hujaifikia, ukianza kusinzia anakupiga kiwiko, mnapiga stori usiku unaenda. Mkamtoa, mkasema sofwea imekomaa. Sasa niko peke yangu, na kazi ya laptopu nayo nimepewa mimi, nibonyeze kwenye skrini aina ya tukio huku naangalia barabara. Macho mawili kazi tatu.

Na hii sinema mshaiona. Tarehe 18 Machi 2018, Tempe, hapahapa kwetu, Jumapili inakaribia saa nne usiku. Gari la Uber, Volvo XC90, linajiendesha, ndani yuko dereva mmoja. Mama wa miaka 49 anavuka Mill Avenue anasukuma baiskeli yake. Ripoti ya bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilitoka 2019 na yeyote anaweza kuisoma: mashine ilimuona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa spidi ile sekunde 5.6 ni zaidi ya mita 100, uwanja wa mpira mzima huo. Ilimuona lakini ikawa inabadilisha mawazo, mara gari, mara kitu kingine tu, mara baiskeli, na kila ikimpa jina jipya inaanza upya kukisia anaelekea wapi, kwasababu haikufundishwa kwamba mtu wa miguu anaweza kuvuka pasipo na kivuko. (Asivuke pasipo na kivuko! Hao mainjinia wangeletwa Buguruni, Dar, wiki moja tu.) Breki ya dharura ya Volvo, ile inayokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa imezimwa kompyuta ikiwa inaendesha. Na sofwea yenyewe ikishaona hatari ilipangiwa isubiri sekunde moja kwanza, eti isije ikawa inafunga breki ovyo. Juu ya yote hayo, miezi michache kabla kampuni ilikuwa imemtoa mtu wa pili kwenye gari.

Dereva alikuwa anaangalia simu, silifichi hilo wala simtetei, alinyanyua macho imebaki kama sekunde moja. Ila angekuwepo mtu pembeni yake, ile simu ingetoka mfukoni? Uber wenyewe jibu walilipata, maana waliporudi barabarani kule Pittsburgh Desemba 2018 walirudi na watu wawili mbele. Somo hilo limeshalipiwa na roho ya mtu, sioni sababu ya nyie kulilipia upya.

2. Nikishika usukani naandikwa.

Hapa ndo penye uchungu, naomba mnisikilize vizuri. Kwenye mafunzo mnatuambia ukiwa na wasiwasi, shika. Maneno mazuri. Halafu kila nikishika usukani au kugusa breki gari linarekodi, asubuhi kuna mtu ofisini anaichukua ile video anaiweka kwenye simulesheni, kompyuta inacheza tena kama vile mimi sikushika, kisha inatoa hukumu kwamba gari lingesimama lenyewe. Basi inaandikwa umeshika bila sababu, na zikifika kadhaa kwa mwezi unarudishwa mafunzo, na wakati wa mafunzo posho ya usiku hakuna. Sasa hapo mnanifundisha nini kama sio kungoja? Usiku ule unaokuja, kitu kikitokea mbele, kabla sijashika nitawaza kwanza "hii nayo si wataniandika", na huko kuwaza ndo sekunde yenyewe.

Nitoe mfano mmoja. Mesa, Main Street, kama saa saba usiku. Kuna mzee anasukuma toroli la supamaketi limejaa vitu vyake vyote, juu amefunika blanketi la bluu limeshuka mpaka karibu kugusa lami, na mwenyewe ameinama kusukuma, kwahiyo ukiwa mbali huoni mtu, unaona furushi linatembea. Kwenye skrini gari likamchora kiboksi, likakiita kitu kisichojulikana, kiboksi kikapotea, kikarudi, kikapotea. Mzee alikuwa anatembea sambamba na barabara, hajavuka. Lakini mimi nikaona bega. Bega la kushoto lilishuka kidogo na gurudumu la mbele la toroli likapinda, na mtu aliyepiga daladala analijua bega la mtu anayetaka kuvuka, hata kama amekupa mgongo, unajua tu. Nikakanyaga breki. Akaingia barabarani bila kutazama, akapita mbele yetu taratibu, hakutuangalia hata mara moja, gurudumu moja la lile toroli linalia kwii kwii kwii mpaka ng'ambo.

Kesho yake supavaiza, kijana mzuri tu wala hana ubaya, akanionyesha simulesheni. Gari lingesimama, tena ingebaki mita mbili na ushee. Nikamuuliza, huyo mzee wa kwenye kompyuta anatembea spidi gani? Akasema ileile aliyotembea kweli. Nikamwambia sasa si alitembea vile kwasababu mimi nilishasimama? Taa za gari zingeendelea kumjia huenda angeshtuka akarudi nyuma, au angeganda katikati, au angeliachia toroli, nyie mmejuaje? Akacheka akasema ni swali zuri. Nikaandikwa vilevile.

Kwanini mnafanya hivi najua. Kule California idara yao ya magari, DMV, imekuwa ikizitaka kampuni zinazofanya majaribio zitoe ripoti kila mwaka, binadamu amechukua usukani mara ngapi kwa maili ngapi, na watu wanazipanga hizo kampuni kama msimamo wa ligi, mwenye namba ndogo ndo bingwa. Arizona hatudaiwi ripoti hiyo lakini mwenye hela zake anataka namba popote alipo. Kwahiyo mguu wangu ukigusa breki kuna grafu mahali inaharibika. Sawa, ni biashara. Ila hamuwezi kunilipa nikanyage breki halafu mkanihesabia kila nikikanyaga.

3. Masaa.

Shifti ni masaa kumi, mapumziko ya nusu saa moja na zile dakika kumi kumi mbili. Mtu wa lori atasema masaa kumi mbona kidogo, na kweli nimeendesha zaidi ya hapo, lakini kuendesha kwenyewe kunakuweka macho, unapanda Kitonga na mzigo, gia, breki, mwenzio anashuka anakuja na tela limeyumba, hapo usingizi hata ukiutafuta haupo. Kukaa unaangalia kitu kinafanya sawa mara elfu moja ukisubiri mara ya elfu moja na moja ni kazi nyingine kabisa.

Na hili sio la kwangu. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia Waingereza walikuwa na watu wa kuangalia skrini za rada na wakagundua kadri muda unavyoenda wanaacha kuona vitu ambavyo vipo mbele yao. Mtafiti Norman Mackworth akawaweka watu mbele ya mshale unaotembea kama wa saa, hatua moja moja, mara chache sana unaruka hatua mbili, kazi yako ni kuuona ule mruko basi. Ndani ya nusu saa watu wakaanza kuukosa. Aliyaandika matokeo 1948, babu yangu hajaona gari la kwanza. Jirani zetu wa Google nao kabla hawajaitwa Waymo, mwaka 2013, waliwapa wafanyakazi wao gari la kujiendesha la hawei likiwa na kamera ndani, wakakuta mtu anajipodoa, mtu anachezea simu, mtu kalala kabisa na gari liko kilomita 90 kwa saa. Na hao walishaambiwa wawe macho. Kampuni ikaachana na mpango wa kumtegemea binadamu adake usukani dakika ya mwisho. Watu wenye akili zao na hela zao waliona hiyo kitu haiwezekani, ndo kitu hichohicho mmeniajiri nifanye, masaa kumi, usiku, peke yangu.

Dawa yenu ni ile kamera ya dashibodi inayolia nikitazama pembeni kidogo. Hiyo kamera inajua macho yangu yako wapi, akili yangu iko wapi haijui. Kuna usiku nimevuka makutano matatu macho yamefunguka kodo, kamera imeridhika, na mimi mwenzenu niko Tunduma nimepanga foleni ya mpakani.

4. Lawama.

Turudi Tempe, ile kesi iliishaje. Machi 2019 mwendesha mashtaka akasema haoni msingi wa kuishtaki Uber kwa jinai. Septemba 2020 dereva akashtakiwa kwa kuua kwa uzembe. Desemba mwaka huohuo Uber ikatangaza inakiuza kitengo chake cha magari ya kujiendesha kwa kampuni nyingine ya magari haya, Aurora. Julai 2023 dereva akakiri kosa dogo zaidi, la kuhatarisha maisha, akapewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. NTSB walisema dereva ndo chanzo, sawa, lakini palepale wakasema kampuni haikupima hatari zake vizuri, ilikuwa na usimamizi mbovu wa madereva na haikuwa na namna ya kuzuia watu wasibweteke na mashine. Ripoti iliwataja wengi, kizimbani akapanda mmoja.

Kuna mtafiti wa hukuhuku Marekani anaitwa Madeleine Clare Elish ameliandikia sana jambo hili, kwamba gari limetengenezwa pua yake ikunjike kwenye ajali ili aliye ndani asalimike, na mifumo hii ya kompyuta nayo ina sehemu ya kukunjika, ila sehemu hiyo ni mtu. Bampa linamlinda dereva, na dereva analinda kampuni. Nilivyosoma nikamkumbuka mwenye daladala wangu wa Gongo la Mboto, nae alikuwa na nadharia hiyohiyo bila hata kusoma.

Mkataba wangu ukurasa wa pili unasema muendeshaji anawajibika kwa usalama wa chombo muda wote. Muda wote. Leni kachagua nani? Spidi kachagua nani? Kona nani kaamua aikate saa ngapi? Sofwea mpya mliyoipandisha jana usiku, ambayo mpaka leo sijaambiwa mmebadilisha nini, kaiandika nani? Uingereza wamepitisha sheria yao ya magari haya mwezi Mei 2024, inasema gari likishaidhinishwa kuwa la kujiendesha na mfumo ukiwa kazini, aliyekaa kwenye siti hashtakiwi kwa jinsi gari lilivyoendeshwa, anayeulizwa ni kampuni. Najua sisi tuko kwenye majaribio na sio sawasawa na hilo, na sitaki mniondolee wajibu wote, nikishika simu nifungeni. Nataka tu wajibu ugawanywe kama kazi ilivyogawanywa.

5. Mawe.

Hili nalipitia haraka. Kuna watu hawayapendi haya magari na hasira wanazimalizia kwa aliye ndani. Pale Chandler, mji jirani na Phoenix, mpaka mwisho wa 2018 polisi walikuwa wameshaandika matukio zaidi ya 20 ya magari ya Waymo kurushiwa mawe, kukatwa matairi, mpaka dereva kutishiwa bunduki. Mimi nimemwagiwa soda ya barafu dirishani, bahati kioo kilikuwa juu. Mwongozo wenu unasema niendelee na safari na nijaze fomu.

Sasa najua mtajibu nini, na mengine mmeshanijibu kwa mdomo.

Mtasema binadamu ndo muuaji mkubwa barabarani, asilimia 94 ya ajali ni makosa ya binadamu. Hiyo namba naijua, iko kwenye slaidi yenu ya kwanza kabisa ya mafunzo, itoeni. Ilitoka serikalini lakini waliotoa hawakumaanisha kwamba dereva peke yake ndo sababu, na Januari 2022 mwenyekiti wa NTSB, Jennifer Homendy, aliisema hadharani kwamba inapotosha, maana inasahau barabara mbovu, magari mabovu na kila kitu kingine. Sisemi binadamu hawaui. Marekani peke yake 2022 walikufa watu zaidi ya 42,000 barabarani, na mimi nimeshazika, nimemzika mdogo wangu aliyekufa na basi pale Chalinze, dereva alikuwa ana-overtake kwenye kilima. Gari lenu lisingeovateki pale. Ndo maana niko kwenu, naiamini hii kazi kuliko baadhi ya hao wauza slaidi.

Mtasema mtu wa pili ni gharama. Kweli. Na yule wa kwanza pia ni gharama, mbona yupo?

Mtasema muda si mrefu siti itakuwa tupu kabisa, Waymo si tangu Oktoba 2020 wanabeba abiria Phoenix hii bila dereva, kwahiyo haya malalamiko yatajifia. Ikifika siku hiyo na gari limeiva, sawa, nitatafuta lori. Ila msidhani siti ikiwa tupu binadamu ameondoka. Shemeji yangu Nairobi alikaa zaidi ya mwaka kwenye kompyuta anachora viboksi kwenye picha za barabara za huku, huyu mtu, hii baiskeli, hii pipa la taka, picha moja moja, malipo ya senti, mpaka siku moja akaunti ikafungwa bila barua. Yeye hajui alikuwa anaifundisha kampuni gani. Kila gari lenu linapotambua mtoto amevaa kofia kuna mwenzie shemeji mahali alikaza macho. Na mkumbuke ya Cruise, ile kampuni ya General Motors ya teksi zisizo na dereva, San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023. Gari la binadamu lilimgonga mama akarushwa mbele ya gari la Cruise lisilo na mtu ndani, likamgonga, likasimama, halafu likaona vema lisogee pembeni ya barabara kama lilivyofundishwa. Likamburuza kama mita sita. Konda wa daladala yoyote, hata yule mlevi, angepiga bodi "shusha shusha kuna mtu chini". Wiki tatu baadae DMV ikasimamisha vibali vyao na mwaka uliofuata General Motors ikatangaza haitoi tena hela za teksi hizo. Nyie mna hamu ya kufika huko haraka, basi mngekuwa wa kwanza kuthamini jicho la mtu aliyepo sasa hivi, maana ndo linalowafundishia hilo gari.

Na mtasema nilisaini. Ndio nilisaini. Na deiwaka nae huwa anakubali mwenyewe.

Ninachoomba:

Kwanza, utingo arudi. Zamu zote za usiku, na mchana wowote gari linapokuwa na sofwea mpya chini ya wiki mbili. Wapokezane siti, isizidi saa moja mtu kukaa nyuma ya usukani bila kubadilishana.

Pili, futeni kuandika watu kwa kushika usukani. Simulesheni chezeni mpaka asubuhi, ni haki yenu na inasaidia mainjinia, lakini isiende kwenye faili la dereva, na alama za nyuma za madereva wote zifutwe, sio zangu peke yangu.

Tatu, karatasi. Mniandikie kwamba nikiwa nimefuata mafunzo na gari likaleta madhara likiwa linajiendesha, kampuni inasimama mbele, inalipa wakili, na inatoa data zote za gari kwa wakili wangu pia, sio kwa wakili wenu tu. Hii data ni muhimu kuliko hela, kwasababu kwenye kesi ya dereva, kamera inayomwangalia dereva huwa inaonekana na wote, lakini kompyuta ilikuwa inawaza nini mnajua nyie.

Nne, kabla ya zamu mtuambie sofwea imebadilishwa nini. Ukurasa mmoja unatosha. Hata fundi wa gereji za Gerezani, Dar, akikufungia breki mpya anakwambia zisikilizie kwanza.

La mawe nawaachia mliangalie wenyewe.

Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Sio "asante kwa maoni yako". Mkikataa, kataeni moja moja na mseme kwanini, nitaheshimu. Nimehifadhi nakala za barua zote tatu za mwanzo na tarehe zake, na madereva wengine tisa wamesoma hii kabla sijaituma, wawili wakaniambia nipunguze ukali na nikapunguza.

Mtu wa HR aliwahi kuniambia niende ofisini kwake tukae tuongee. Mimi naona afadhali nyie ndo mje. Ijumaa niko zamu, natoka yadi saa tatu usiku, siti ya kulia iko wazi. Bosi yeyote atakayetaka kukaa na mimi masaa kumi karibu sana, ila aje na koti, kompyuta ya nyuma inataka baridi na AC haizimiki.

Wenu katika ujenzi wa taifa (safari hii la kwenu),

Deiwaka wa zamu ya usiku,
Phoenix, Arizona.